Mwanangu, sijasaini bado

Mwanangu,

Baba yako ameshakubali nyumba yetu iwekwe rehani ukope za kujengea vyumba vya kupangisha. Juzi alinionyesha zile karatasi za benki huku akicheka kama aliyeokota dhahabu. Nimebaki mimi, ndiyo maana simu zako wiki hii haziishi. Huyo afisa mikopo amekwambia kweli: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mwenza aridhie kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Sasa mwenza ana maswali.

Sikatai ujenge. Kiwanja cha Iyumbu, hapa Dodoma, umekinunua kwa jasho lako, kimepimwa, hati ina jina lako, na majirani nimewasimulia mpaka wamechoka. Ninachokataa ni hati ya nyumba hii kwenda kukaa benki. Kwa nini isiwe hiyo hati ya Iyumbu? Unasema haifikii kiasi unachotaka. Basi kopa kiasi inachofikia.

Hesabu zako nimezisoma kwa miwani, usicheke. Vyumba nane vya masta, laki moja kila kimoja, ni laki nane kwa mwezi. Rejesho laki sita na nusu. Hiyo laki na nusu inayobaki umeiita faida. Vyumba viwili vikikosa watu unapata laki sita, umeshapungukiwa elfu hamsini, na hapo hujamlipa fundi bomba, gari la kunyonya choo, wala kodi ya TRA ya asilimia 10. Tena wapangaji uliowaandika wote ni wanafunzi wa UDOM. Chuo kikifungwa nani atalipia chumba asicholala?

Utasema watalipa miezi sita kwa mkupuo. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Milioni nne na laki nane zinaingia siku moja, benki inadai chake kila mwezi. Ukishaona pesa nyingi pamoja, wewe huona zote ni zako. Yale ya pikipiki siyasemi. Mwezi wa nne vyumba vimejaa, wapangaji hawana deni, na wewe unahangaika kutafuta rejesho. Nani atamwelewa mwenye nyumba wa namna hiyo?

Na usiniambie Dodoma sasa ni jiji, kila mtu anajenga. Najua ni jiji tangu 2018. Lakini uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika 1973, nikiwa msichana mdogo. Aliyekopa 1974 akitegemea wapangaji wa wizara angesubiri zaidi ya miaka 40, maana wizara zilikuja kwa wingi baada ya 2016. Hakukosea mji, alikosea muda. Benki haisubiri muda wako. Na hilo la kila mtu kujenga ndilo linalonitia wasiwasi: pita Nzuguni, pita Ilazo, uone vibao vya nyumba inapangishwa.

Nakuomba uanze na vyumba vinne kwa akiba yako. Ukikopa baadaye, kwanza weka rejesho za miezi sita kwenye akaunti ambayo huna kadi yake, mkeo awe nayo. Tangi la maji litangulie marumaru, maana mpangaji wa hapa anauliza maji kabla ya kuuliza bei. Mkataba andika hata kwa mtoto wa mchungaji. Kaka yako alipoleta karatasi za ule mkopo wa kausha damu, wa riba ya kuumiza, niliweka dole gumba bila kuvaa miwani, na baba yako mpaka leo ananikumbusha kila tunapogombana.

Mkeo anajua mpango huu? Juzi kwenye simu alinyamaza nilipomuuliza. Naye nataka kumsikia kwa mdomo wake.

Jumamosi ukija na treni usisahau dawa za presha za baba yako, zile za kopo la bluu, hapa mtaani zimeadimika. Bati la jikoni limeinuka tena upande wa magharibi, fundi anataka elfu thelathini, mimi nimemwambia ishirini. Mlenda mkavu nimewafungia kilo mbili. Kuku mwekundu ameatamia, kwa hiyo usitegemee supu.

Karatasi ziko chini ya godoro langu. Njoo na hesabu nyingine, iliyoandikwa vyumba vitatu vikiwa tupu, tukae wote wanne tuisome.

Mama yako