Tuyazibue matundu ya hewa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi. Kwa miaka 19 nimejenga na kukarabati nyumba Mbagala, Tandika na Temeke. Naandika kwa sababu ya kazi niliyoifanya kwa mikono yangu mwenyewe, na ambayo sitaki fundi mwenzangu aendelee kuifanya: kuziba matundu ya hewa.

Kwenye nyumba za zamani za hapa mjini, juu ya madirisha utakuta matofali mawili matatu yenye matundu. Katika nyingi, ukuta wa kati ya chumba na chumba haufiki kwenye paa, kwa hiyo hewa inapita juu kwa juu. Nyuma kuna ua, na huko uani ndiko kulikokuwa na mafiga. Wazee waliojenga namna hiyo Magomeni na Ilala walilijua joto la Dar es Salaam na waliujua moshi. Leo ua umejaa vyumba vya kupangisha, dari imepigwa jipsamu, na dirisha ni la alumini la kusukuma, ambalo hata ukilifungua lote unapata nusu tu. Yakibaki matundu, mwenye nyumba anakwambia, "Fundi, ziba hayo, yanaingiza vumbi na mbu." Unakoroga mchanga na saruji, nusu saa umemaliza, unalipwa, unaondoka.

Masika ya mwaka juzi niliziba matundu ya nyumba moja ya vyumba sita Tandika. Wiki tatu baadaye ikanyesha mvua ya usiku kucha. Dada mmoja mpangaji, muuza chapati na maharage, aliingiza jiko la mkaa chumbani kwa sababu korido ilikuwa inavuja na gesi ilikuwa imemwishia. Mkaa ulikuwa umekolea, mwekundu, hautoi moshi hata kidogo, ndiyo maana hakuona ubaya kufunga mlango. Mwanawe wa miaka saba ndiye aliyeanza kulalamika kichwa, kisha akatapika. Mama alipoinuka amshike, magoti yakamlegea akaanguka. Mtoto akajikokota hadi mlangoni, akaugonga, majirani wakasikia wakawatoa koridoni. Walipona, Mungu ashukuriwe. Niliporudi kuchukua salio langu nilionyeshwa sufuria, maharage yameungua na kugandia chini kama lami. Nikainua macho nikaiona plasta yangu pale juu, mbichi bado, haijapakwa hata rangi.

Pale nyumbani watu walikuwa wanasema kuna mkono wa mtu. Nilikwenda kumuuliza daktari, naye akanieleza kwamba kilichowaangusha ni kaboni monoksaidi. Mkaa unapowaka penye hewa haba huitoa kwa wingi. Haina rangi wala harufu, na inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anahema kama kawaida huku mwili unakosa oksijeni. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi mzito. Aliyekwisha lala anaweza asiamke. Naomba kila anayesoma hapa alijue hili: mkaa usiotoa moshi unaua.

Hayo ni ya usiku mmoja. Ya kila siku ndiyo yanayomaliza watu wengi zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 uchafu wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Sisi tumezoea kuona moshi ni wa kukohoza na kutoa machozi tu. Kumbe zaidi ya nusu ya vifo hivyo vinatokana na maradhi ya moyo na kiharusi, kwa sababu chembe laini za moshi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine huingia kwenye damu. Watoto huugua nimonia. Bibi zetu waliopuliza mafiga miaka 40 huota mtoto wa jicho, na sisi tunasema ni uzee.

Tena jiko halipo peke yake. Yule yule aliyeziba matundu kwa kuogopa mbu, jioni anawasha dawa ya mbu ya kuchoma, ile iliyojiviringisha, anafunga dirisha kwa kuogopa wezi, analala na watoto. Watafiti waliopima moshi huo mwaka 2003 walikuta kipande kimoja hutoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Chandarua kingetosha.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini wapangaji ninaowajua wana gesi na mkaa kwa pamoja. Mtungi wa kilo sita ukiisha katikati ya mwezi, mtu ananunua mkaa wa kopo, na mvua ikinyesha jiko linaingia ndani. Huyo hawezi kuingoja 2034 akiwa kwenye chumba kisichopumua.

Nawaomba wenye nyumba: anayepangisha vyumba aache mahali pa kupikia penye paa na pasipo kuta pande zote. Wenyeviti wa serikali za mitaa wakague hilo wanapopita. Na mafundi wenzangu, tundu la hewa haliwekewi plasta, linawekewa wavu wa mbu. Kipande cha wavu na misumari michache haviwezi kumshinda mwenye nyumba.

Ile nyumba ya Tandika niliyazibua matundu yote bila kudai hela. Nimekumbuka nyumba nyingine nne nilizoziba, na wenyewe nimewafuata. Wawili wamekubali. Wawili bado wananiambia habari za vumbi, na Jumamosi hii nakwenda kwao tena na wavu mkononi.

Fundi mwashi,
Mbagala, Dar es Salaam