Barua ya wazi kwa Spika wa bunge letu la kaunti: MCA wetu si nyinyi mlimwajiri

Mheshimiwa Spika, salamu.

Nimesoma ile barua yenu ilizunguka kwa grupu ya wadi jana usiku, ati mnataka kutangaza kiti cha MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, kiko wazi sababu amekosa vikao vinane. Nilidhani ni feki, kumbe iko na muhuri.

Sasa hebu tuongee. Kifungu cha 194 cha katiba ndicho kinasema vile MCA hupoteza kiti: akifa, akikuandikia barua ya kujiuzulu, akihama chama kilichompeleka, akikosa vikao vinane bila ruhusa yako ya maandishi na ashindwe kueleza bunge sababu ya maana, na mengine machache. Hakuna mahali pameandikwa wenzake wakichoka naye wapige kura atoke. Gavana mnaweza kumng'oa, si Nairobi MCA 88 walimpigia gavana wao Sonko kura atoke Desemba 2020, na bado ilibidi ipelekwe Seneti imalizie. Hata wewe Spika sheria ya kaunti inawaruhusu wakutoe wakifika asilimia 75 ya wajumbe wote. Lakini mtu wa wadi? Hiyo kura hamna.

Na hivyo vikao vinane vyenyewe, vinne mlikuwa mmemsimamisha nyinyi wenyewe! Siku moja nilikuwa hapo getini, askari wenu amemkatalia kuingia, ameketi kwa gari na faili ya maswali ya basari mapajani, mimi ndio nilimpelekea chai kwa kikombe cha plastiki. Mtu mnamfungia mlango halafu mnaandika hakuja?

Sisemi ni malaika, mimi mwenyewe simpendi sana, mtaro wa kwetu ametuahidi tangu 2022 na bado tunaruka maji machafu, uchaguzi ukifika ntamnyima kura. Lakini hiyo ni kura yangu mimi, si yenu.

Na mkikosea tunaoumia ni sisi, si mliona wadi zingine zilikaa bila mwakilishi mpaka chaguzi ndogo za Novemba 27, 2025 juu IEBC, tume ya uchaguzi, haikuwa na makamishna.

Naomba tu utoe orodha ya hivyo vikao na tarehe zake, uonyeshe ni vipi kati ya hivyo alikuwa amesimamishwa, halafu umwite ajieleze mbele ya bunge hansadi, ile rekodi rasmi ya bunge, ikirekodi. Ile ya getini ilikuwa Jumanne mchana, mkitaka shahidi nitakuja.