Niliambiwa nirudi nyumbani, nyumbani kwenyewe Wete

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, najua barua ndefu huwa munazikata lakini hii mukiikata nakuombeni musikate pale nnapoitaja Wete, maana kisa chote kipo pale.

Mie msichana wa miaka 20, Mpemba wa Wete, na hii ilikuwa safari yangu ya kwanza ya ndege kubwa na ya kwanza peke yangu, nakwenda Malaysia kusoma. Mamangu alinisindikiza mpaka bandarini Mkoani tukaagana hapo, kwa sababu nauli ya watu wawili mpaka Unguja kwenda na kurudi kwetu ni pesa ya kitu chengine. Nikapanda boti, nikashuka bandari ya Malindi, Unguja, nikavuta begi langu la kilo 23 na kikapu cha halua mpaka kwenye daladala namba 505, konda akanambia dada hilo begi lilipe nauli, nikalilipia. Saa kumi na moja jioni nipo uwanja wa ndege Kiembesamaki na ndege yenyewe saa nne usiku. Mapema mno najua, lakini mamangu alikuwa ameniapisha.

Saa mbili usiku skrini inasema ndege imechelewa. Saa tatu inasema vilevile. Saa nne kasoro akaja kijana mmoja wa shirika, shati limemtoka kiunoni na jasho linamtiririka, akatwambia ndege haijafika, ina hitilafu huko ilikotoka, safari ni kesho saa sita mchana, turudishiwe mabegi. Watu wakapiga kelele. Mie sikupiga na naomba nieleweke hapa, sina ugomvi wowote na ndege mbovu kubaki chini. Sisi Wapemba hatuhitaji kufundishwa hilo, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 meli ya MV Spice Islander iliondoka hapohapo Malindi kuja kwetu imejaa kupita kiasi ikazama bahari ya Nungwi, mie nilikuwa mdogo lakini naikumbuka Wete ya siku ile, kila mtaa una matanga. Kwa hiyo chombo kikiwa kibovu kisiondoke, wallahi hata wiki nitakaa.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye foleni ya hoteli.

Maana ilipangwa foleni, tukaambiwa abiria wapite kaunta waandikishwe, kuna basi nje linapeleka watu hotelini wakale walale kesho warudishwe. Nikasema alhamdulillah, nikajipanga, mbele yangu yuko msichana wa Kijerumani rika langu, naye anasafiri peke yake, nywele zimeungua na jua la Paje, tushazungumza kidogo kwa Kiingereza changu cha skuli. Akafika yeye akatoa paspoti akapewa kikaratasi, hata dakika haikufika. Nikafika mie nikatoa yangu, yule kijana akaitazama jalada tu, hata hajaifungua, akanambia, "Dada, weye si mtu wa hapahapa? Rudi nyumbani ukapumzike, kesho saa tatu uje."

Nikamwambia, "Kaka, mie natoka Wete."

"Sasa Wete si Zanzibar?"

Mhariri nimelifikiria jibu la swali lile tangu siku ile. Ndiyo kaka, Wete ni Zanzibar, lakini katikati pana bahari, boti ya Pemba ni asubuhi siyo saa nne usiku, na ndege ndogo za kwenda Chake Chake, Pemba, zilikuwa zishalala. Hata ningepata boti ya asubuhi, ningefika Mkoani nikashika gari ya Wete ningekuwa nateremka kwetu wakati ndege ya Malaysia inapaa Unguja. Yote hayo nilitaka kuyasema ila pale kaunta nilichoweza kusema ni "lakini kaka" mara tatu hivi, nyuma yangu watu wanasukuma, akanipungia mkono nipishe.

Nyuma yangu alikuwa mzee mmoja wa Makunduchi, naye akaambiwa hivohivo arudi kwao. Mzee akamuuliza gari ya Makunduchi saa hizi utaniendesha weye? Watu wakacheka lakini karatasi hakupewa. Na kuna mama kutoka Mbeya, Mbeya Mhariri!, alikuja Unguja kwenye harusi, naye kwa kuwa paspoti yake ya Tanzania akahesabiwa mwenyeji. Hapo ndo nikafahamu kwamba kumbe hakuna anaeulizwa unalala wapi, inaangaliwa rangi ya jalada.

Yule msichana wa Kijerumani alinishika mkono tukatoka nje pamoja, anasema chumba chake kitakuwa na vitanda viwili twende tukalale. Tukafika mlangoni kwa basi, dereva ana orodha, akatafuta jina langu mara ya kwanza, mara ya pili, akanambia dada samahani jina lako humu halimo. Yeye msichana akawa anabishana na dereva wa watu ambae hana kosa lolote, mie nikamwambia panda tu. Basi likaondoka lina viti vitupu, nilivihesabu kwa dirishani, tisa.

Najua mtu atasema huna ndugu mjini? Mpemba gani hana ndugu Unguja. Ninae, mjomba wangu yuko Fuoni ila wiki ile alikuwa Dar na mkewe hospitali, nyumba imefungwa, na shangazi yuko Bumbwini, saa tano ya usiku Bumbwini unakwendaje. Teksi zipo, madereva watatu walinifata, lakini nilipompigia mamangu alinikata hata sijamaliza, "Usipande gari ya mtu usiemjua usiku, kaa hapohapo penye taa, na simu yako iwe na chaji." Simu ilikuwa na asilimia tisa.

Basi nikakaa penye taa. Benchi za chuma zile zina vigawanyo vya mikono kila kiti, kulala huwezi, unajikunja kama samaki kwenye tenga. Mbu wa Kiembesamaki sina la kuwasema. Mama mmoja anaefagia akapita na ndoo yake mara mbili ananitazama, mara ya tatu akanambia "weye wa wapi mwanangu, mbona hulali?" nilipofungua mdomo tu akacheka, akanambia "Mpemba huyo! Mie wa Micheweni." Akaniletea kanga yake ya akiba kutoka stoo na akanionesha tundu la umeme nyuma ya nguzo ambalo wao ndo wanachajia simu zao. Askari wa zamu nae akaniambia nihamie benchi ya karibu na meza yake. Yule mzee wa Makunduchi na mama wa Mbeya wakahamia pia, tukawa kama kijiwe.

Sasa mie nilikuwa na ile halua. Halua ya Wete, mamangu aliinunua moto asubuhi, ilikuwa zawadi ya mwenyeji wangu huko nnakokwenda, na kisu hatuna maana uwanja wa ndege nani ana kisu, nikatoa rula kwenye begi la skuli nikaifuta kwa kanga tukawa tunaikata kwa rula, askari akasema mpimie sawasawa kila mtu sentimita tano. Mama wa Mbeya hajawahi kula halua ya Wete, akawa anaivuta na meno haikatiki, mzee anamwambia usiivute, iache iyeyuke yenyewe. Nilicheka usiku ule, sitasema uongo. Lakini ikifika saa tisa kicheko kimekwisha kila mtu yuko na mawazo yake, baridi ya sakafu inapanda, mie nawaza ndege yangu ya pili ya kule njiani itakuwa ishaniwacha, skuli wananisubiri, na mamangu najua hajalala. Adhana ya alfajiri ilinikuta macho.

Nilipofika huku nikaanza kusoma mambo, kwa sababu nilitaka kujua kama nilidai kisichokuwa changu. Kuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 wa usafiri wa anga wa kimataifa, Tanzania imo tangu 2003. Kifungu cha 19 kinasema msafirishaji anabeba dhamana ya hasara inayotokana na kuchelewa kwa abiria, isipokuwa aoneshe kwamba yeye na watu wake walifanya kila linalowezekana kwa uangalifu kuiepusha hasara hiyo. Na anaetaka kwenda mahkamani ana miaka 2 tu. Nimekisoma mara nne natafuta mahali panaposema abiria mgeni na abiria mwenyeji, hapana, kimeandikwa abiria basi. Huko Ulaya wana sheria yao namba 261 ya 2004 kwa ndege zinazoondoka kwao, hiyo haituhusu sie ila angalia ilivyoandikwa, ukilazimika kungoja mpaka kesho unapewa chakula, hoteli, gari ya kukupeleka hotelini na simu mbili bure. Simu mbili! Mie na asilimia tisa yangu. Na hailitazami jalada la paspoti, inatazama kama unahitaji kulala.

Mtu wa Kikwajuni au Jang'ombe, mitaa ya mjini hapo, kweli arudi kwake, hakuna anaedai hoteli kwa raha, hata mie kwetu kungekuwa Kikwajuni nisingekaa na mbu. Lakini kumuuliza mtu "nyumbani kwako unafika saa ngapi" ni maneno matano tu.

Kuhusu pa kulalamika nako kuna mambo. Uwanja ni wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, na usafiri wa anga ni jambo la Muungano, upo kwenye Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ambayo ina na Baraza la Ushauri la watumiaji wa huduma hizo. Yani jengo la SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, anga ya Muungano, na mie nimelala katikati. Silalamikii jengo, watu wa jengo ndo walionipa kanga. Shirika lenyewe silitaji jina, nimeshawaandikia wenyewe, na ninachokiomba kwa hizo taasisi mbili ni kidogo, siku ndege ikighairishwa usiku awepo mtu wao mmoja pale kaunta akitazama nani anapandishwa basi na nani anaambiwa arudi kwao, maana abiria wa miaka 20 peke yake hana ubavu wa kubishana na mtu aliyevaa kitambulisho shingoni. Na wenzangu munaosafiri kwa mara ya kwanza, hasa wa kutoka Pemba, mukiambiwa ndege imeghairishwa ombeni muandikiwe kwenye karatasi na sababu iandikwe, tunzeni bodingi, ile pasi ya kupandia ndege, na risiti ya kila mulichokula, mie karatasi sikuiomba na sasa naitafuta kama dawa.

Shirika walinijibu kwa imeili baada ya siku kumi na moja. Wamenipa pole, halafu wakaandika kwamba malazi hutolewa kwa abiria wasiokuwa wakaazi wa mji wa kuondokea. Nimewajibu kwamba kwa hesabu hiyo mie nawadai, na nimewaambatanishia risiti ya maji na chipsi ya usiku ule pamoja na tiketi yangu ya boti, imeandikwa Mkoani kwenda Unguja, tarehe ileile ya ndege yao. Bado nangoja.

Wasalaam,
Binti wa Wete
(jina langu kamili Mhariri unalo)