Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kuzindua Kitalu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, wanachama wa Bodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Assalaam aleikum.

Kwa niaba ya wanachama wote wa Chama cha Mazingira, tunakushukuru kwa kuitika mwaliko wetu. Hatutakuchosha na historia ya chama. Tunaomba tukueleze jambo moja lililotufanya tubadili namna ya kukusanya mbegu za kitalu unachotuzindulia leo: jinsi mmea unavyopata mwenzake wa kuzaa naye huchangia sana kuamua ni wapi duniani mmea huo utaishi.

Mgeni wa Heshima, hapa Pwani somo hili liko juu ya vichwa vyetu. Karara la mnazi mrefu likipasuka, maua ya kiume ndiyo hutangulia kufunguka. Ni madogo na mengi mno, nayo humwaga chavua, ule unga wa kiume wa maua, kwa majuma kadhaa. Yale ya kike, yatakayokuwa vidaka, huwa tayari baadaye, wakati chavua ya karara lile imekwisha. Basi nyuki na upepo huyaletea chavua ya mnazi mwingine. Kitamli, yaani mnazi mfupi, hakingoji hivyo. Kwake maua ya kiume na ya kike hukutana kwa wakati mmoja, na mara nyingi hujichavusha chenyewe. Ndiyo maana miche ya kitamli hufanana sana na mama yao, lakini miche ya mnazi mrefu hutofautiana. Hata hivyo, mnazi mrefu ulioota peke yake ufuoni haukosi nazi, kwa sababu pengine karara jipya hufunguka kabla lililotangulia halijamaliza.

Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwaka 1955 mtaalamu wa mimea Herbert Baker alieleza kwamba mmea unaoweza kuzaa peke yake ndio wenye nafasi nzuri ya kuanza maisha ng'ambo ya bahari, kwa kuwa mbegu moja tu ikifika inatosha. Mpapai jike wa aina isiyojichavusha, ukifika peke yake kisiwani, hautaacha kizazi hata ustawi vipi. Watafiti waliolinganisha spishi zilizo ndugu wa karibu wamekuta mara nyingi kwamba ile inayojichavusha imeenea eneo kubwa zaidi.

Lakini kujitosheleza kuna gharama yake. Charles Darwin alifanya majaribio kwa miaka 11, akachapisha matokeo mwaka 1876: kwa mimea mingi, miche iliyotokana na wazazi wawili tofauti ilikuwa mirefu zaidi na ilizaa vizuri zaidi kuliko ile ya mmea uliojichavusha. Kasoro zilizojificha katika damu moja hujitokeza.

Sasa tunafika kwenye mti tunaoupenda kuliko yote. Walimu walitupeleka bustani ya Mama Ngina, hapa Mombasa, kutazama mibuyu ikichanua. Jua lilipozama, ua lililoning'inia kwa kikonyo kirefu lilianza kufunguka, petali nyeupe zikajikunja kwenda juu, na chini yake kukabaki shada la nyuzi zilizojaa chavua. Harufu yake ni nzito, nayo huwaita popo. Popo hutumbukiza uso akinywa asali ya ua, akaondoka na chavua kifuani kuelekea mbuyu mwingine. Ua lenyewe halipati hata siku mbili, hunyauka na kuanguka. Kwa kawaida chavua ya mbuyu wenyewe haiufai, unahitaji mwenzake. Hata hivyo mbuyu umeenea Afrika kutoka Senegal hadi hapa kwetu, kwa sababu popo huruka mbali, binadamu na wanyama hubeba mbegu, na mti wenyewe unaweza kuishi zaidi ya miaka 1000 ukisubiri.

Kuna mti uliosubiri bure. Mwaka 1895, katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, mtaalamu wa mimea John Medley Wood alikuta mmea wa jamii ya sikadi, unaofanana na mnazi, ambao sasa unaitwa Encephalartos woodii. Ulikuwa wa kiume, mmoja tu, na hadi leo jike hajapatikana. Ile yote iliyoko katika bustani za dunia imetokana na machipukizi yake, na yote ni dume. Jamaa zake wa karibu, wenye dume na jike vilevile, wanakua katika misitu ya pwani yetu. Tunakiri habari hii ilituhuzunisha sana.

Mgeni wa Heshima, tuna maombi matatu. La kwanza, utusaidie kupata ruhusa ya kuokota mbegu kwa miti mama mingi, katika mitaa na vijiji tofauti. Kitalu kilichotokana na mti mmoja kitapanda ndugu watupu. La pili, unapokaa katika vikao vya mipango ya ujenzi wa mji huu, uutetee kila mbuyu uliosimama, na pia mibuyu jirani ambayo popo anaweza kuifikia kwa usiku mmoja. La tatu ni hadubini moja, ili wanafunzi wa kidato cha pili waione chavua kwa macho yao.

Ahsante sana.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Mazingira,
Mombasa.