Muuguzi naye anahitaji wa kumsikiliza

Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Mwezi uliopita tulimpoteza mama mmoja saa tisa usiku. Nilimfunika, nikanawa mikono, nikaenda kumpokea mwingine aliyekuwa tayari anasukuma. Kulia nililia asubuhi, ndani ya daladala, kitenge usoni.

Kilichoniokoa ni simu. Wauguzi wanane tuliosoma pamoja tuna kundi la WhatsApp. Nikarekodi sauti ya dakika nne, na kabla sijafika nyumbani watatu walishanijibu. Mmoja alinipigia, akakaa kimya tu akinisikiliza.

Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limeitambua hali ya kuchoshwa na kazi kupita kiasi kuwa ni tatizo la kazini. Si ulegevu wetu.

Lakini marafiki si washauri nasaha. Naiomba Wizara ya Afya ituwekee washauri wa kuzungumza nao mtandaoni, hata usiku, na siri itunzwe, maana wengi tunaogopa mganga mfawidhi akijua atatuona hatufai. Na bando, jamani, lisitoke mfukoni mwetu.

Muuguzi,
Morogoro