Risala ya Wanafunzi wa Maabara ya Lishe kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazi ya Chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu na wazazi, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana. Kikundi chetu kilianza na wanafunzi wanne na pipeti moja ya kuazima. Leo tuko kumi na tisa, na kwa fahari kubwa tunatamka kwamba tunapima protini ya maziwa ya mama kwa mikono yetu wenyewe.

Tunatumia njia ya Johan Kjeldahl wa Copenhagen, ya mwaka 1883: maziwa huchemshwa katika asidi kali ya salfa, kisha hupimwa naitrojeni iliyomo, na kutokana nayo hukokotolewa protini. Karibu robo ya naitrojeni ya maziwa ya mama haitokani na protini bali urea na mengineyo, kwa hiyo lazima itolewe kwenye hesabu. Asipoitoa mtu, daktari ataambiwa kuna protini ambayo haipo, na atakayepunjwa ni mtoto njiti. Maziwa yaliyokomaa yana takriban gramu 1 ya protini kwa mililita 100, na njiti wa chini ya kilo 1.5 huhitaji kama gramu 3.5 hadi 4 kwa kila kilo yake kwa siku. Tena maziwa ya mama huyu si sawa na ya yule. Hapa hakukisiwi.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja: jokofu la nyuzijoto hasi 80, na jenereta ya kulilinda. Sampuli tunaziweka kwenye friza ya kawaida ya kuuzia barafu. Mwezi uliopita umeme ulikatika Ijumaa. Jumatatu tulikuta maziwa ya kina mama kumi na wawili yameyeyuka mirijani, mafuta yamejitenga juu, lebo zimebanduka. Mmoja wao alikuwa amekamua saa kumi na moja alfajiri, mwanawe ana siku tisa. Tulipompigia kumwomba tena alinyamaza, kisha akasema, "Sawa, wanangu." Hatuna uso wa kumpigia mara ya tatu.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi jokofu hili hapa hapa, tukapiga vigelegele. Wa mwaka jana aliahidi kulifuatilia. Barua zetu tatu zina mihuri ya kupokelewa. Kwa heshima na taadhima, tunaomba ahadi ya leo iandikwe na tarehe yake.

Nafasi ya jokofu tumeiacha wazi, soketi imeshafungwa. Kabla hujapanda gari, tafadhali pita uione. Ni mlango wa pili kushoto.

Tunaomba kuwasilisha.