Koili nzima isitupwe

Mhariri, naomba nafasi niseme na wenzangu wanaotunza viwanja kwa mashine kuukuu za kukatia nyasi, zile za kuendesha umekaa.

Yangu, ya silinda moja, ilizima ghafla katikati ya uwanja wa shule hapa Arusha, ikagoma kuwaka. Stata inazungusha injini vizuri, petroli inafika, ila plagi haitoi cheche. Fundi akaniambia ninunue koili mpya, yaani kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, na wala hakuwa amefungua hata boneti. Nilikataa. Nikachomoa ule waya mwembamba wa kuzimia injini unaotoka kwenye koili, nikagusisha plagi kwenye chuma cha injini, nikapiga stata. Cheche ikaja, ya buluu, kali! Kumbe waya ulikuwa umechubuka chini ya kiti na kugusa fremu, basi umeme wote ukaishia hapo. Tepu ya umeme ilitosha.

Mafundi wetu, tafadhali pimeni kabla ya kumwambia mtu anunue. Na mtakaojaribu, rudisheni waya huo mahali pake: bila waya huo, ufunguo hauzimi injini, na swichi ya kiti, ile ya kuzima injini dereva akitoka kitini, haimlindi akianguka.

Mtunza viwanja,
Arusha